Mashine Isiyo na Gurudumu la Mkono Haijakamilika

"Fundi, nimeachia! Nimeachia!"

Hivyo ndivyo kijana wangu alivyopiga kelele asubuhi moja katika karakana yetu hapa Tosamaganga, mkoani Iringa. Alikuwa amebonyeza kitufe cha mshale kwenye kompyuta, akishusha biti ya milimita 6 iguse ubao wa mninga. Kidole alikwisha kukiondoa, lakini kompyuta ilikuwa imekwama, na mashine ikaendelea kushuka. Biti ilitoboa ubao, ikazama kwenye meza, ikakatika. Wakati huo mimi nilikuwa nakimbilia swichi ya ukutani, kwa sababu mashine yenyewe haikuwa na kitufe chekundu cha kuizima kwa dharura.

Hasara ilikuwa ubao mmoja na biti moja. Kilichoniuma ni kumwona kijana amesimama ameinamisha kichwa, akiamini kosa ni lake. Nilimwambia siku ile, na narudia leo: kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, niliyenunua mashine ile bila kuuliza inasogezwaje kwa mkono.

Nazungumzia CNC, mashine zinazochonga kwa kufuata programu ya kompyuta. Wengi hudhani fundi wa CNC kazi yake ni kuwasha na kukaa. Sivyo. Kabla programu haijaanza, ni lazima usogeze biti mwenyewe hadi kona ya ubao, uishushe hadi iguse, kisha uiambie mashine: hapa ndipo ziro. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua kama mlango utakaochongwa kwa saa nyingi utafaa au utaishia kuwa kuni.

Kwenye mashine kubwa za viwandani kazi hiyo ina kifaa chake: gurudumu dogo unalolishika mkononi, lenye alama 100 kwa mzunguko mmoja. Swichi moja inachagua mhimili, X, Y au Z. Nyingine inachagua ukubwa wa hatua: milimita 0.001, 0.01 au 0.1 kwa kila mbofyo. Magurudumu mengi ya aina hiyo yana kitufe chekundu juu yake, na mengine yana kitufe cha pembeni ambacho usipokishikilia, hakuna kinachosogea.

Kutafuta ziro tunatumia karatasi ya kawaida ya ofisi, yenye unene wa kama milimita 0.1. Unaiweka juu ya ubao, mota ya biti ikiwa imezimwa, unaivutavuta kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha gurudumu kwa hatua ya 0.01. Mbofyo, mbofyo, mbofyo. Karatasi ikianza kukwama, umefika. Muda wote huo macho yako yako kwenye biti, hayako kwenye skrini.

Mzee aliyenifundisha kukereza vyuma hakuwa na kompyuta. Alinishikisha gurudumu la mashine, akafunika kiganja changu kwa chake, tukazungusha pamoja. Gurudumu la CNC halikupi uzito wa chuma kiganjani kama lile, ila linakupa uwiano: mkono ukienda kidogo, biti inaenda kidogo, mkono ukitulia, biti inatulia. Mwenda pole hajikwai.

Mashine ndogo zinazouzwa kama za kujifurahisha hukuachia vitufe vya kompyuta. Nyingi huendeshwa na GRBL, programu ya bure, na haki isemwe: toleo lake la 1.1 liliongezewa amri ya kusogeza inayoweza kukatishwa papo hapo. Lakini amri hiyo bado inapita kwenye kompyuta na waya wa USB, na kompyuta ya mtumba ikikwama, amri nayo inakwama. Afadhali zile zenye rimoti ya waya kama RichAuto A11, ambayo haitegemei kompyuta, na inakuruhusu kuchagua mwendo mfululizo, hatua kwa hatua, au umbali uliopimwa.

Wauzaji hunijibu kwamba mashine ndogo ni ya mtu anayejifurahisha nyumbani, kwa hiyo haihitaji vitu vya kiwandani. Jibu hilo silikubali. Huku kwetu hakuna anayenunua CNC kwa kujifurahisha. Mashine hiyohiyo ndogo ndiyo inayolipa ada za watoto wangu na posho za vijana wawili. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ziro imepotea, na ni lazima tuitafute upya kwa mkono, juu ya mninga ambao mteja amekwisha kuulipia. Anayefanya kazi hiyo ndiye anayehitaji gurudumu kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo nasema hivi. Seremala mwenzangu, kabla hujauliza ukubwa wa meza au nguvu ya mota, omba kusogeza biti mwenyewe, uachie, uone inasimama wapi. Muulize muuzaji kitufe chekundu kiko wapi, na kama kinakata umeme wa mota au kinaiomba programu tu. Pesa ikiwa haitoshi, chukua mashine fupi yenye gurudumu, acha ndefu isiyo nalo. Vyuo vya ufundi vya VETA vifundishe kusogeza kwa mkono kabla ya kuchora kwenye kompyuta. Na wenye karakana tukumbuke kwamba tangu 2003 nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi; kijana anayejifunza kwetu naye anastahili ulinzi wake.

Tulinunua gurudumu, tukalifunga, na kitufe chekundu kiko umbali wa mkono. Kijana wangu sasa anamfundisha mwenzake mgeni. Wiki ya kwanza hawafungi biti. Wanafunga penseli na kuweka karatasi chini yake. Jana nilimsikia akimwambia, "Usiangalie skrini. Angalia ncha."