Simu za Wanafunzi na Usalama wa Mabweni

Mjadala wa simu za mkononi shuleni umekuwa ukiendeshwa kana kwamba una pande mbili tu: wale watakao simu zipigwe marufuku kabisa, na wale waonao kwamba marufuku hiyo ni kushindana na wakati. Mimi ni miongoni mwa wale wa kwanza, ila kwa sharti ambalo shule zetu nyingi za bweni hazilizingatii. Naafiki kwamba mwanafunzi wa sekondari asiwe na simu darasani, wala kitandani, wala mfukoni. Nisilolikubali ni marufuku inayokomea katika kutamka neno lenyewe, kisha ikaziacha simu ziende ziendako. Simu haiyeyuki kwa kukatazwa. Huhama. Hutoka mahali ambapo ingeonekana, ikaenda chini ya godoro, juu ya dari, ndani ya kopo la sabuni au katika mkate uliotobolewa. Na huko inakohamia ndiko hatari inakokuwa kubwa.

La darasani nitalipitia upesi. Mwaka 2016 wachumi wawili, Louis-Philippe Beland na Richard Murphy, walichapisha uchunguzi wa shule 91 katika miji minne ya Uingereza. Waliona kwamba shule zilipozuia simu, alama za mitihani zilipanda, na kwamba faida hiyo ilikwenda hasa kwa wanafunzi waliokuwa nyuma. Waliokuwa mbele hawakubadilika. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2020 haukuona badiliko lolote. Basi yeyote adaiye kwamba kuondoa simu peke yake kutainua elimu anadai zaidi ya ushahidi alio nao. Hata hivyo, ikiwa kuna uwezekano wa kumfaa yule wa nyuma bila kumdhuru yule wa mbele, mimi sioni sababu ya kusita. Simu na ikae nje ya darasa. Ufaransa ilitunga sheria ya jambo hili mwaka 2018, na nchi nyingi zimefuata.

Lakini shule za Ufaransa, kwa sehemu kubwa, hufunga milango jioni, na mtoto akarudi kwa wazazi wake na simu yake. Zetu za bweni hazifungi. Mwanafunzi hulala humo humo kwa miezi, na simu aliyoipenyeza hulala naye. Ndipo fizikia inapoingia.

Betri ya simu ya siku hizi ni ya ayoni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Ndani yake mna elektrodi mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na vyote vimeloweshwa katika kimiminika kinachoweza kuwaka. Betri yenye uwezo wa miliampia-saa 5,000 kwa volti 3.85 hubeba wati-saa 19 hivi, yaani jouli zipatazo 69,000. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aihakiki hesabu hii mwenyewe: ni nishati itoshayo kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 16. Ukiisikia hivyo, si nyingi. Lakini hapa haimo katika lita ya maji. Imo katika kitu chenye uzito usiofika gramu 100. Utando ukitoboka, au ukiyeyuka (polithini huyeyuka karibu na nyuzi 130), elektrodi hugusana, joto hupanda, joto hilo huharakisha mmenyuko uzaao joto zaidi, na kemikali za elektrodi chanya zaweza kuachia oksijeni yake zenyewe. Ndiyo maana moto wa betri hauzimiki kwa kufunikwa blanketi. Hutaka kupozwa kwa maji mengi, baada ya kuhakikisha kwamba umeme umekatwa.

Betri nzima yenye chaja yake halali haifanyi hivyo ila kwa nadra sana. Lakini haiwi muhali: mwaka 2016 Samsung, kampuni yenye wahandisi wa kutosha, ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Sasa chukua simu ya mtumba, yenye betri iliyovimba, yenye chaja ya bei ya chini kuliko zote, uiingize chini ya godoro la sponji usiku kucha ili mwalimu wa zamu asiione taa yake. Sponji ni kihami joto kizuri mno. Joto ambalo lingetawanyika hewani hubaki palepale. Na sponji ya poliurethani ikishika moto hutoa kaboni monoksidi na hidrojeni sianidi, gesi ambazo humlegeza aliyelala kabla ndimi za moto hazijamfikia.

Umeme wa kuichaji unatoka wapi? Mabweni mengi hayana soketi, au zilizokuwapo zimeng'olewa kwa makusudi ili simu zisichajiwe. Matokeo yake ni ustadi ambao, lau ungeelekezwa kwingine, ungetupatia mafundi hodari: waya mbili zilizomenywa kwa meno, zikachomekwa katika holda ya taa. Hapa niondoe dhana moja potofu. Chaja ya wati 10 katika umeme wetu wa volti 230 huvuta mkondo usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampia. Mkondo huo hauwezi kuzipasha waya joto la kutisha. Hatari ni volti 230 zilizo wazi karibu na vidole vya mtu aliye gizani, na cheche za kiungo kilicholegea. Lakini njia ikishapatikana haitumiwi na simu peke yake. Mwenzake huleta hita ya kuchemshia maji ya wati 1,000. Mkondo sasa unakaribia ampia 4.3, na kiungo chenye ukinzani wa omu moja tu kitatoa wati zaidi ya 18 katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole, kando ya chandarua.

Afrika Mashariki inajua bweni likiwaka huwa nini. Mwezi Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Moto ule uliwashwa kusudi kwa petroli, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi Agosti 2009, katika shule ya sekondari ya Idodi mkoani Iringa, walikufa wasichana 12. Chanzo kilichoelezwa ni mshumaa. Hakuna hata mmoja kati ya mioto hii miwili ulioanzishwa na simu, wala sitaki msomaji adhani nasema hivyo. Naikumbusha kwa sababu inaonyesha jinsi bweni lenye magodoro yaliyobanana na njia chache za kutokea linavyoweza kugeuza mwako mdogo kuwa msiba wa wilaya nzima. Katika nyumba ya namna hiyo haifai kuongeza chanzo cha moto ambacho kila mtu ana sababu ya kukificha.

Wasafirishaji wa anga walilitatua swali hili kwa njia iliyo kinyume na yetu. Abiria wa ndege haruhusiwi kuweka betri za akiba za lithiamu katika mizigo inayoshushwa tumboni mwa ndege. Lazima awe nazo mwenyewe mle alimoketi. Wengine hushangaa: kwa nini kitu cha hatari kiwekwe karibu na watu? Jibu ni kwamba kikianza kutoa moshi kitaonekana, na mhudumu atakimwagia maji. Sisi tumewalazimisha vijana wetu kuiweka betri tumboni mwa ndege.

Kuna hatari ya pili isiyohusiana na joto wala volti, ambayo mimi naihofia zaidi. Redio zetu zilipolieneza neno "fataki" kuanzia mwaka 2008, kila mtu alimwelewa mzee yule amghilibuye msichana kwa vizawadi. Siku hizi kizawadi cha kwanza aghalabu ni simu. Aliyeitoa anajua ipo. Shule haijui, na mara nyingi mzazi hajui. Hebu mfikirie msichana wa kidato cha pili ambaye ujumbe umebadilika, maneno matamu yamekuwa vitisho, na picha aliyoshawishiwa kuituma imekuwa kamba ya kumfungia. Akamwambie nani? Akienda kwa matroni, swali la kwanza litakuwa: simu umeitoa wapi? Kwa mujibu wa kanuni za shule yake, yeye ndiye mkosaji, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa. Mtu mzima anayemtesa analijua hilo kuliko sisi, na hulitumia. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tunayo marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, yanayomwekea ampaye mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Sheria hizi kali zinangoja habari ambazo kanuni zetu za shule zimezifungia mdomo.

Nimesikia walimu wakisema kwamba dawa ni ukali zaidi. Simu ikikamatwa, na ipondwe kwa nyundo mbele ya gwaride, au ichomwe moto ili wengine waone. Kama mwanasayansi naomba hili likome leo. Nyundo hutoboa utando ule nilioueleza na yaweza kuwasha betri mikononi mwa mwalimu. Na betri inayoungua hutoa, miongoni mwa gesi nyingine, hidrojeni floridi, ambayo huunguza macho na mapafu. Tunawapanga watoto mia tano upande ule moshi unakoelekea, tukaita malezi. Na funzo wanaloondoka nalo ni kwamba ijayo ifichwe vizuri zaidi.

Mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa kupokea taarifa za makosa ya usafiri wa anga, na kuuweka chini ya NASA, shirika lisilo na mamlaka ya kumwadhibu rubani. Rubani aliyekosea bila kukusudia, wala bila kusababisha ajali, akitoa taarifa ndani ya siku 10, huepushwa na adhabu ambayo angetozwa. Waliobuni mpango huo walikuwa wamechoka kuyajua makosa kwa kuhesabu maiti, ndipo wakaamua kuununua ukweli kwa msamaha mdogo.

Shule yaweza kufanya biashara hiyo hiyo. Siku ya kufungua muhula, na katika wiki yake ya kwanza, mwanafunzi aliyekuja na simu aikabidhi bila kuulizwa maswali, iandikwe katika daftari kwa jina na alama zake, apewe stakabadhi, na airudishiwe siku ya likizo. Baada ya wiki hiyo, atakayeonekana nayo aadhibiwe kwa kipimo kinachojulikana mapema, na simu apewe mzazi, isivunjwe. Lakini yeyote, wakati wowote, atakayeleta simu kwa sababu inamletea vitisho, asihesabiwe mkosaji hata kidogo. Kifungu hiki kiandikwe, kisomwe gwarideni, na mkuu wa shule akiheshimu hata siku itakapomuuma.

Nitaambiwa kwamba ofisi itavunjwa na wezi. Ndiyo, yaweza kuvunjwa, kama vile stoo ya mahindi, na hatujaacha kuhifadhi mahindi. Jambo lililo zito zaidi ni kwamba simu 200 zilizorundikwa katika kabati la mbao ni hatari nyingine tuliyoitengeneza kwa mikono yetu. Zizimwe kabisa, zisirundikwe, ziwekwe katika sanduku la chuma kwenye chumba chenye sakafu ya saruji kilicho mbali na bweni, na yoyote iliyovimba itengwe. Zisichajiwe humo. Ikibidi simu ichajiwe kabla ya safari, na iwe mchana, juu ya meza, mtu akiitazama.

Halafu kuna sababu iliyomfanya kijana aifiche simu tangu mwanzo. Si zote ni utundu. Wengi hutaka kusikia sauti ya mama, kujua kama bibi amepona, kuuliza habari ya ada. Shule iliyo na simu ya vitufe, ile vijana waiitayo kiswaswadu, iliyowekwa mahali pa faragha na kutumiwa kwa zamu Jumamosi na Jumapili, itakuwa imeondoa nusu ya hoja ya wenye kuficha, kwa gharama isiyozidi ya mpira mmoja wa miguu kwa muhula. Ukutani juu yake ziandikwe namba tatu: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya kuwasaidia watoto. Hii ya mwisho mwanafunzi aweze kuipiga bila kuomba ruhusa wala kueleza sababu, na mwalimu wa zamu atoke nje ya chumba wakati anapozungumza.