Likizo Ndefu: Darasani au Kibanjani?

Kila mwaka, masomo ya vyuo vikuu yanapofungwa, vijana wetu wa Bukoba na Muleba hukabiliwa na jambo la kuamua. Je, likizo ndefu waitumie katika madarasa ya ziada, ya kompyuta, ya uhasibu au ya lugha, au waitumie katika utafiti? Wazazi wengi hupendelea darasa, wala hatuwalaumu. Darasa hutoa cheti, na mzazi aliyeuza kahawa ili alipe ada hutaka kuona kitu cha kushika mkononi.

Mwanafunzi mwenye deni la mtihani hana la kuchagua. Na akalilipe deni lake. Tunaowasema hapa ni wale waliofaulu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliitumia likizo yao kuwahoji wazee walioiona Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Wazee wale leo hawapo. Kama vijana wale wangebaki darasani mwaka ule, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya vita hiyo tungekuwa tunayasoma katika barua za maofisa wa Kijerumani tu.

Hapa kwetu kazi ni nyingi zaidi. Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa wilayani Muleba mwaka 2006. Wataalamu walikwisha kueleza dawa yake: ua dume likatwe kwa mti wenye panda, panga lipitishwe motoni, mgomba mgonjwa ung'olewe. Mbona basi katika kibanja kimoja ugonjwa hukoma na katika cha jirani hurudi? Ni nani hupita na panga moja toka shamba hadi shamba? Hilo halijibiwi ubaoni. Kijana anayekijua Kihaya, akiongozwa na wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Maruku, aweza kulifuatilia nyumba kwa nyumba. Na hapo karibu na Maruku, kijijini Katuruka, wanaakiolojia walifukua mabaki ya wafua chuma wa kale wakiongozwa na masimulizi ya wazee. Wasimulizi wengi wa mkoa huu wamekwisha kufa, wengine kwa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983. Darasa la kompyuta litakuwapo mwakani. Mzee wa miaka tisini je?

Lakini tusielewe vibaya. Utafiti si kujaza karatasi za maswali chini ya mti, mtu hajabisha hodi hata nyumba moja. Hayo nayo tumeyaona, na hayamfai mkulima wala mwanafunzi.

Tena utafiti unahitaji nauli, daftari na mtu wa kumwongoza kijana. Mtoto wa mkulima asiye na hivyo atakwenda darasani, au atakaa bure. Tunaziomba halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge fungu dogo kwa kazi hiyo, na maofisa ugani wawaorodheshe wanafunzi wa kata zao kabla likizo haijaanza.