Pakiti Bila Anwani Haifiki Nyamira

Jamani, tuache kudanganyana. Kila nikishika simu nakutana na mtu anashangilia "roboti ndogo" zitakazopeleka dawa moja kwa moja kwenye saratani. Habari tamu. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika programu, na najua jambo moja: pakiti bila anwani haifiki popote, hata mtandao uwe na kasi namna gani.

Kwanza, hii si ndoto ya kesho. Doxil, dawa ya kemotherapi iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Herceptin ikafuata 1998. Mwaka 2013 ikaja Kadcyla, yaani Herceptin ileile iliyobebeshwa sumu ya kuua seli. Hizo mbili za mwisho huitafuta protini iitwayo HER2 kwenye seli za saratani ya matiti. Hiyo ndiyo anwani.

Sasa, kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, ni kama 15 hadi 20 tu walio na HER2 kwa wingi. Ni akina nani? Kwa macho huwezi kujua. Lazima kipande cha uvimbe kikatwe, kihifadhiwe vizuri, kitiwe rangi maalumu maabarani na kisomwe na mtaalamu wa patholojia. Bila hayo unabahatisha, tena kwa dawa ghali inayoweza kudhuru moyo.

Mwaka 2025 serikali, SHA na kampuni ya Roche walitangaza kwamba dozi moja ya Herceptin imeshuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na SHA ndiyo italipa. Hapo napiga makofi. Lakini je, bei ndiyo kikwazo pekee? Kozi ya kawaida ni dozi moja kila wiki 3 kwa mwaka mzima, yaani kama 18. Kutoka Kisii hadi Nairobi ni kilomita 300 hivi. Mama wa Nyamira akilazimika kutibiwa Nairobi, kwenda na kurudi mara 18 ni zaidi ya kilomita 10,000! Nauli atatoa wapi? Nani atamchumia majani chai? Mfumo wa namna hiyo una hitilafu, na mgonjwa ndiye anayelaumiwa kwa "kuchelewa".

Najua mtaniambia kuhusu kituo cha saratani cha Kisii. Wimbo huo tumeusikia miaka mingi. Majengo ni mazuri kwa picha za wanasiasa, ila uvimbe hausomwi na ukuta.

Kwa hiyo magavana wa Kisii na Nyamira, nawaomba namba moja tu kila mwezi: tangu kipande cha uvimbe kikatwe hadi majibu ya HER2 yamfikie mgonjwa, zimepita siku ngapi? Iwekeni kwenye tovuti za kaunti. Ukurasa wenyewe naweza kuuandika bure jioni moja.

Mkishindwa kuitoa namba hiyo, basi tusisimuliane habari za roboti.

Haya, nibishieni.