Posti ya saa 12: tujaribu kwanza, kisha tutie sahihi

Wandugu watumikaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, siku hizi mu bisi ya kazi habari ni moja tu: posti. Kuna kampani zinazotaka kuacha posti tatu za saa 8 na kuingia mu posti mbili za saa 12. Wengine wanafurahi, wengine wananung'unika. Na siye wa sendika wanatuuliza kila siku: muko upande gani?

Tuseme ukweli. Wakati barua ya saa 12 ilifika ku kazi kwetu, tulikataa palepale bila kuuliza mutu. Kisha vijana wa kariere wakatufuata: "Ba papa delege, mulikataa kwa jina la nani? Siye tunakaa mbali. Siku ine za kazi, siku ine za kupumuka, tunaenda ku shamba, tunaona watoto." Walikuwa na haki. Lakini wazee wa izini, wenye kusimama karibu na moto, nao wakasema: "Ikifika saa ya kumi, mikono inaanza kutetemeka." Nao pia walikuwa na haki. Siku ile njo tulijifunza kwamba hakuna posti moja inayofaa kila mutu na kila kazi. Paka kujaribu njo kutaonyesha.

Lakini mbele ya kujaribu, tuhesabu. Juma moja iko na saa 168. Mugodi usiolala unatafuta watu kwa zile saa zote. Ukiwa na ekipi tatu, kila ekipi inabeba saa 56. Ukiwa na ekipi ine, inabeba 42. Sheria yetu ya kazi, ile ya mwaka 2002, inasema saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Kwa hiyo, posti ikiwa ya saa 8 ao ya saa 12, bila ekipi ya ine hesabu haiingii. Na saa 12 zinapita zile 9 za siku: haziwezi kuingia kimya-kimya, bila masikilizano ya maandishi na bila malipo. Mukubwa akikuonyesha programu mupya, usiangalie kwanza saa za posti. Muulize: ekipi ziko ngapi?

Hesabu ingine ni ya njia. Kama bisi inatumia saa moja na nusu kwenda, na vilevile kurudi, posti ya saa 12 inakuwa siku ya saa 15. Zinabakia 9 za kuoga, kula bukari, kusikiliza bibi na watoto, na kulala. Nani analala vizuri hapo?

Na usingizi si mambo ya uvivu. Usiku mumoja, karibu 4h, mwenzetu wa kamio kubwa alisinzia. Magurudumu ya mbele yakapanda ku tuta la udongo la pembeni, njo lile tuta likamusimamisha. Ngambo ya pili kulikuwa shimo. Ilikuwa usiku wake wa sita wa kufuatana. Yeye wakamuandikia barua ya malipizi. Ile programu iliyomupanga usiku sita, hakuna aliyeiandikia barua.

Kisha ile mambo tuliomba kujaribu. Zamani tulikuwa tunatoka usiku, tunaingia mangaribi, kisha asubuhi. Tukageuza: asubuhi, mangaribi, usiku, na usiku usipite tatu. Miezi miwili ya kwanza watu walilalamika, sababu desturi ni desturi. Mwezi wa tatu tulipouliza warudi ku ile ya zamani, mikono ilikuwa michache sana. Mwili unakubali kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema.

Mu nyumba pia kila mutu ajaribu yake. Kuna mwenzetu anayelala mara moja akitoka usiku, kuna mwingine anayepeleka watoto ku masomo kwanza, kisha analala mpaka 15h. Wengine waliacha bukari nzito ya katikati ya usiku, wanakula mbele ya kutoka nyumbani. Kitambaa cheusi ku dirisha kinasaidia, ijapokuwa mu mwezi wa 10, chini ya mabati, joto halina huruma. Jaribu jambo moja kwa majuma mawili, andika, kisha badilisha. Lakini hakuna kitambaa kitakachorudisha usingizi ulioibwa na programu mubaya. Shirika la kimataifa la kuchunguza kansa, la OMS, tangu 2007 linaweka kazi ya posti ya usiku mu hesabu ya vitu ambavyo pengine vinaleta kansa.

Kwa hiyo, tunaomba mambo ine. Moja: kila posti mupya ijaribiwe miezi mitatu, na mushahara na primu zisiguswe. Mbili: kuwe kaye ya kuandika ajali, kusinzia, magonjwa na wasiokuja ku kazi, na delege aisome sawa na mukubwa. Tatu: kila kazi iamue yake, kariere mbali, izini mbali, na wamama wa kazi waulizwe nao. Ine: mwisho wa miezi mitatu, watu wapige kura ya siri.

Bakubwa watasema ekipi ya ine ni franga nyingi. Kweli. Lakini kamio ikianguka mu shimo ni franga ngapi? Na baba wa watoto je?

Wandugu, tusitie sahihi kwa kuogopa, na tusikatae kwa mazoea kama siye tulivyofanya. Barua ikifika, mwambie delege wako: tujaribu, tuhesabu, kisha tutaona.