Ukuta wa Nyumba: Sitara, Mpaka na Haki ya Jirani



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (S.A.W.), wiki hii tumeielekeza kalamu kwa jambo ambalo dada zetu wanaoishi Nairobi, hasa katika mitaa ya Eastlands, wametuuliza si mara moja. Mtu akitaka kuizungushia nyumba yake ukuta ana haki kiasi gani, na haki hiyo inakomea wapi? Suali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mali, ujirani, na hesabu ya kesho Akhera.

Sisi watu wa pwani tumelelewa uani. Ua wa nyuma ndipo mama anapopika, anapofua na kuanika, na anapokaa na wageni wake wa kike bila ya jicho la mpita njia kumfikia. Aliyehamia Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, alizikuta nyumba zimetandazwa kwenye viwanja vya wazi vya pamoja. Aliyenunua Buruburu, iliyojengwa miaka ya 1970 na kuendelea, alizikuta nyumba zimepangwa makundi makundi, na kila kundi lina uwanja wake ambapo milango hutazamana. Kwa hivyo mwanamke wa Kiislamu anayetamani ukuta hafanyi kiburi. Surat An-Nur imetufundisha kutoingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 31, imeilinda faragha ya mtu na ya nyumba yake. Sitara ni haki.

Hata hivyo, sitara haijengwi juu ya shubiri ya mwenzio. Yamepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, mapokezi ya Said bin Zayd (R.A.), aliyeshitakiwa na mwanamke aitwaye Arwa mbele ya Marwan kwamba amemega ardhi yake. Said alishangaa: vipi angethubutu ilhali alimsikia Mtume (S.A.W.) akionya kuwa anayechukua hata shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama mpaka ardhi ya saba? Kisha akamwachia ile ardhi. Katika mafunzo hayo hayo tumepokea kwamba watu wakigombania njia, njia iachiwe upana wa dhiraa saba. Basi dini yetu imeyazungumzia yote mawili, mpaka wa jirani na njia ya wapitao, kabla hayajazungumzwa na baraza lolote la mji.

Tuje sasa kwenye sheria ya nchi, kwani Muislamu hutimiza ahadi zake, na anayekubali kuishi katika mji amekubali kanuni zake.

La kwanza ni mpaka. Mpaka wa kiwanja hujulikana kwa ramani ya upimaji na mawe ya mpaka, ambayo mafundi huyaita bikoni. Ua wa miti au seng'enge iliyokuwapo tangu zamani haiwi mpaka kwa sababu tu ya uzee wake. Kabla ya msingi kuchimbwa, mwiteni mpimaji mwenye leseni ayaonyeshe mawe hayo, na jirani awepo akishuhudia. Gharama ya siku moja ya mpimaji ni ndogo kuliko gharama ya kubomoa. Mkikhitilafiana, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, imelipeleka jambo hili kwanza kwa Msajili wa Ardhi. Mahakama haisikilizi mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla ya mpaka huo kuamuliwa na Msajili. Ama yule anayeling'oa jiwe usiku na kulisogeza, huyo ametenda kosa la jinai, mbali na dhambi.

La pili ni ruhusa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 imekataza kuendeleza ardhi bila ya idhini ya serikali ya kaunti, na ukuta wa mawe umo katika uendelezaji huo. Fundi akisema, "Ukuta si nyumba, hauhitaji karatasi," msimsikilize. Kanuni za ujenzi zilizotumika tangu 1968 zimeshapisha Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, kwa hivyo kipimo alichozoea fundi miaka ishirini iliyopita si hoja tena. Ulizeni katika ofisi ya mipango ya kaunti urefu unaokubaliwa katika mtaa wenu, na mtaje kama ukuta utatazama barabara au utakuwa wa nyuma. Ukuta mrefu wa mbele, hasa penye kona, humziba dereva asimwone mtoto anayetoka mbio na mpira wake. Na ambaye nyumba yake ni ya kupanga kwa kaunti, kama zilivyo nyingi katika mitaa ya zamani ya Bahati, Jericho na Maringo, ajue kwamba yeye ni mpangaji: hana mamlaka ya kujenga ukuta mpaka mwenye nyumba akubali.

La tatu ni njia na maji. Katika mitaa mingi ya Eastlands kuta zimesogea hatua kwa hatua, leo futi mbili, kesho tatu, mpaka gari la zimamoto au la wagonjwa halipiti. Wengine wamejenga juu ya bomba la maji taka, na siku bomba linapoziba hapana pa kulifungulia. Uchafu hufurika katika nyumba za watu wasiohusika. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa katika muongo uliopita, yaliyokuwa yamejengwa katika hifadhi ya barabara yaliondolewa, na wenyewe wakabaki na kifusi. Tena ukuta wa mawe usioachiwa matundu ya kupitisha maji huyazuia maji ya mvua upande mmoja. Udongo ukilowa na kuwa mzito husukuma, na ukuta huangukia upande wa pili, ambako huenda watoto wanacheza. Msingi wa kutosha, nguzo, na matundu ya maji chini ni amana juu ya anayejenga.

La nne ni jirani, na hapa tunasema hasa na mama zetu na dada zetu. Wengi wao wakiona jirani amejenga ndani ya kiwanja chao hunyamaza kwa haya, wakisema, "Ni futi moja tu, tusivunje ujirani." Tabia hii ina uzuri wake, lakini sheria ya Kenya ina jambo ambalo kila mwenye ardhi anapaswa kulijua. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, aliyeikalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi, bila ya ruhusa na bila ya kuzuiwa kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imwandikishe kuwa mmiliki. Ardhi ya umma haimo katika hukumu hiyo. Aliyeimega njia hata akae miaka thelathini, njia haiwi yake. Bali kiwanja cha mjane aliyenyamaza chaweza kupungua kisheria, huku watoto wake mayatima wakipoteza urithi bila kujua.

Sisi tunasema kwamba miaka 12 huenda ikampa mtu hati, lakini haimhalalishii dhulma mbele ya Mola wake. Na kwa aliyedhulumiwa, kusema mapema na kwa upole ndiko kuulinda ujirani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa ujirani huzibwa kwa maneno siku ya msingi, wala hausubiri mpaka siku ya paa. Ukitaka kumruhusu jirani atumie futi yako, mruhusu, una thawabu; lakini iandikwe kwamba ni ruhusa, isiwe zawadi wala mauzo, na mashahidi watie saini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imekuja kutufundisha kuandika deni, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengi hutuuliza kama mzozo wa ukuta wapelekwa kwa Kadhi. Jibu ni kuwa sivyo. Katiba, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa huko. Mzozo wa ardhi una mahakama yake, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kabla ya kufika huko, kifungu cha 60 cha Katiba kimehimiza jamii kusuluhisha mizozo ya ardhi kwa njia zao zinazotambulika. Wazee wa mtaa, chifu, na imamu wa msikiti wa karibu wakikaa pamoja penye jiwe la mpaka, mengi humalizika kwa kikombe cha chai. Na ukiletewa notisi na kaunti kuhusu ukuta wako, usiiweke chini ya godoro: una siku 14 tu za kukata rufani kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango.

Neno letu la mwisho ni kwa akina baba. Mara nyingi ukuta hujengwa kwa jina la mwanamke, ikisemwa kuwa ni sitara ya mke na mabinti. Ikiwa ni hivyo, basi mke naye aione ramani, aijue ruhusa, na ajue faili limewekwa wapi. Kwani mume akiitwa na Mola wake, yeye ndiye atakayebaki ndani ya ukuta huo, na ndiye atakayebisha mlango wa ofisi siku watakapokuja wenye nyundo. Ukuta uliosimama juu ya haki humsitiri mjane na mayatima. Uliosimama juu ya shubiri ya jirani au juu ya njia ya watu ni deni analoachiwa, na deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, awatulize majirani zetu nasi atutulize kwao, na atuepushe na kula haki ya mtu, kubwa au ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.