Twiga wa Persepolis Hakutoka Maswa

Picha ya jiwe moja la Uajemi imezua ubishi hapa Bariadi. Ina watu watatu wenye nywele za kipilipili: wa mbele kashikwa mkono na mpambe wa mfalme, wa kati kabeba chombo chenye mfuniko, wa nyuma ana pembe ya ndovu begani na anamvuta mnyama kwa kamba. Ni msafara wa 23 kati ya misafara 23 ya watoa kodi iliyochongwa kwenye ngazi za ukumbi wa Apadana, Persepolis, mji alioanza kuujenga mfalme Dario yapata mwaka 518 K.K.

Wa kwetu wanadai mnyama huyo ni twiga wa pori la Maswa. Wataalamu hawajakubaliana hata kama ni twiga. Wengine husema okapi, mnyama wa misitu ya Ituri. Mimi namwona twiga, kwa mgongo ule ulioteremka. Shingo fupi isikusumbue: mchongaji alilazimika kupanga watu na wanyama kwa kimo kimoja. Ila wanaomleta ni watu wa Kushi, kusini mwa Misri, na twiga huko walikuwapo. Wa Maswa tumwache alipo.

Wengine wanasema watu hao watatu ni watumwa. Wako wapi waliofungwa? Dario alipotaka kuchonga mateka hakuona haya: kule Behistun wamefungwa kamba shingoni, mikono nyuma.

Basi walitoa kwa hiari? Tusiende mbio. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anaandika kwamba kila mwaka wa pili Waethiopia, ndivyo alivyowaita watu hao wa Kushi, walipeleka dhahabu, magogo 200 ya mpingo, pembe 20 za ndovu na wavulana 5. Pembe tunaiona ukutani. Wavulana hatuwaoni. Mwenye ukuta ndiye aliyechagua cha kuchongwa.

Dai la kuwahusisha watu hao na Washirazi wa Kilwa halistahili hata nusu saa: Alexander aliichoma Persepolis mwaka 330 K.K., zaidi ya miaka elfu moja kabla ya habari zao.

Linaloniudhi ni dai hili, kwamba Wasukuma hatukujua kodi ya kifalme kwa kuwa hatuna kuta za namna hiyo. Pembe za ndovu na ngozi za simba na chui zilikuwa haki ya ntemi, mtawala wetu, na utemi ulidumu mpaka serikali ilipoufuta mwaka 1963. Kumbukumbu zake tuliziweka kwenye ngoma na viti vya enzi. Mbishi apande basi la Mwanza, ashuke Kisesa, aulize Bujora, makumbusho hayafichwi.