Kidudu cha kipindupindu kinajuaje kimefika tumboni?

Mwezi uliopita nilikwenda Lukuledi kumsalimia bibi. Nilimkuta anachemsha maji ya kunywa, sufuria ya pili asubuhi ile, na kuni siku hizi ni za kununua. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, hanywi maji mabichi. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Hicho kidudu hakina macho wala akili. Kinajuaje kwamba sasa kipo tumboni, si mtoni?"

Kidudu chenyewe ni bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Anaweza kuishi majini bila kutoa sumu. Sumu ni kazi ya tumboni. Kila kazi ya bakteria huanza na agizo linalonakiliwa kutoka kwenye vinasaba vyake, na nakala hiyo huitwa RNA. Fikiria kikaratasi unachompa mtoto aende dukani: sabuni mche mmoja, chumvi pakiti moja. Kikibaki mfukoni, kesho atanunua vilevile. Ndiyo maana bakteria ana vimeng'enya vya kukatakata RNA, na maagizo yake mengi hudumu dakika chache tu. Asiyechana maagizo ya jana hawezi kubadilika upesi.

Mwaka 2004 maabara ya Bonnie Bassler, Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilieleza jinsi uchanaji huo unavyoamua ugonjwa. Bakteria hawa hujuana idadi yao kwa kemikali wanazotoa. Wakiwa wachache, hutengeneza RNA ndogondogo za aina nne. Hizo hukinasa kikaratasi cha protini iitwayo HapR, nacho kinaharibiwa. HapR ndiyo breki ya sumu. Breki ikikosekana, na hali ya tumboni ikiwa inawafaa, sumu inatoka na utumbo unamwaga maji. Wakishajazana, zile RNA ndogo hupungua, HapR inarudi, sumu inakatika, nao wanajibandua ukutani na kutoka na choo.

Nilimweleza bibi kwa simu, akacheka. "Kumbe wanajua na kuaga!"

Wanaaga kwenu, wanabisha hodi kwa jirani. Hapa naomba anayeuguza asome polepole. Utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa bakteria waliotoka karibuni kwa mgonjwa huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko waliooteshwa maabara, na hubaki hivyo kwa saa kadhaa hata wakiwa majini. Kwa hiyo shuka ya mgonjwa isisuuzwe mtoni wala karibu na kisima, hata kama ndiyo desturi na maji ya ndoo ni ya taabu. Loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini, mwaga chooni, kisha nawa kwa sabuni.

Mgonjwa naye asisubiri kupambazuka, kwani kipindupindu huweza kuua ndani ya saa chache. Koroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji salama, aendelee kunywa hata njiani kuelekea zahanati.

Na sufuria ya bibi? Maji yakishabubujika kwelikweli, dakika moja inatosha. Yeye alikuwa anayaacha nusu saa. Nimemwambia kuni zilizobaki apikie ugali.